Lumbesa

Nilipookoka niliomba maiki,
Mama Tusekile akanipa ufunguo.
"Darasa lako la kwanza," akasema, "ni vumbi.
Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri. Usichelewe."

Isyonje saa hiyo haina mlima wala barabara.
Kuna ukungu tu, na mahali fulani ndani yake
jogoo wa mchungaji, anayewika kwa kikohozi.
Kufuli ni barafu mkononi.
Naipulizia pumzi kama mtu anayeamsha mgonjwa,
inakubali, mlango unalia,
na mimi na ndoo yangu tunaingia kwa Bwana.

Sikujua kwamba mabenchi yanasema.
Hili la mbele limelainika kwa viganja vya wajane.
Lile la nyuma vijana wamechonga majina, na mwaka wa ubatizo,
na moyo, na mshale, Mungu awarehemu.
La tano lilikuwa na msumari. Wenyeji wote waliujua,
wakaukwepa miaka na miaka;
mgeni ndiye aliyetoka na gauni limeraruka.
Nimeugongelea mimi, mwezi wa tatu.

Na la tatu, upande wa dirisha,
ni mahali pa Syabumi Mwakyoma.
Ukutani pana doa la mafuta ya kichwa chake,
kimo kile kile.
Miezi minane kichwa hakijaja.

Siku ya ushuhuda nilishika ile maiki niliyoililia
nikasema Bwana amefuta madeni yangu yote.
Yote! nikarudia, na kanisa likaitika,
kinanda kikapanda, nikaruka.
Syabumi hakuruka.
Alinitazama kama mtu anayesoma risiti.
Misimu miwili nyuma alinikopesha mifuko minne ya mbolea,
tukashikana mikono zizini kwake, bila karatasi.
Akavaa kofia humo humo kanisani, akatoka polepole,
na mimi, Mungu anisamehe,
nilidhani ni shetani anatoka.

Mama Tusekile alisubiri hadi somo la nne, la utakaso.
Akafunga Biblia yake yenye jalada la kitenge,
akamenya kiazi cha moto, akakipuliza.
"Msalaba tumeusikia," akasema. "Na mbolea?"

Mnaolima huku mnaijua lumbesa:
gunia lililovishwa kilemba cha nyavu.
Mnunuzi analipa la chini, anabeba na la juu,
na mkulima anacheka kwa aibu
kwa sababu lori limeshawashwa.
Maisha yangu yote nimekilaani kilemba hicho.
Siku ile nilikifuma mwenyewe.
Nikashindilia, nikapandisha, nikakaza kamba,
magunia sita, guta la kukodi, mvua.

Syabumi alitoka na tochi mchana, kwa ukungu ulivyokuwa.
Hakusema haleluya. Alihesabu.
Akabonyeza kila gunia kwa kidole gumba,
akaliangalia la mwisho, na kilemba chake,
kisha akaniangalia mimi.
"Ugonile," akasema.
Umelalaje,
kana kwamba ile miezi minane ilikuwa usiku mmoja.

Jumapili hakuja.
Iliyofuata, hakuja.
Benchi la tatu nikalifuta vile vile.

Leo, kabla sijagonga ile rimu ya lori tunayoiita kengele,
kaja Ipyana, mwanawe wa mwisho, na debe kichwani.
"Baba amesema hivi vilizidi."
Viazi. Ameviteremsha mlangoni,
amejifuta matope kwenye nyasi, mguu mmoja, mguu wa pili,
akaenda moja kwa moja benchi la tatu, akakaa.
Miguu haigusi sakafu.

"Baba yuko wapi?"
"Anafunga ng'ombe."

Nilitaka kuuliza zaidi.
Nimekwenda kufunga dirisha la upande ule,
maana ukungu unaingia,
na bega lake la kushoto, nakumbuka,
haliwezi baridi.