Viatu vya Selika

Pesa ya tumbaku ya misimu mitatu
niliimwaga yote kwenye gari la milango miwili,
jekundu, limelala chini kama paka anayenyemelea,
na Isevya nzima ikatoka kumtazama
mtu aliyenunua gari lisilobeba hata gunia.
Mjomba Mihayo alilizunguka mara mbili.
"Mbio linazo," akasema. "Tumbo je? Litavukia wapi?"

Ndipo nikaenda kwa Kalunde wa matairi,
nyuma ya stesheni,
mikono myeusi hadi viwikoni,
kipande cha chaki nyuma ya sikio.
Mimi nilikwisha chagua. Nikanyoosha kidole:
rimu za aloi, inchi kumi na saba, spoku tano,
zinang'aa kama meno ya bwana harusi,
na matairi ya mtumba kutoka Japani, kashata nene,
ubavuni pamechorwa mlima mdogo
na ndani ya mlima, ua.

Kalunde alicheka mpaka akakalia jeki.
"Hilo si ua. Hiyo ni theluji.
Mpira huu ulipikwa laini, wa kukanyagia barafu.
Uuweke kwenye lami yetu mwezi wa kumi,
saa nane mchana, unaelekea Nzega,
utalainika kama nta
na utarudi umeubeba wewe."
Akanionyesha tarakimu nne, ndogo, zimefungiwa kwenye duara:
wiki ya arobaini na moja, mwaka wa kumi na mbili.
"Sura ya mwali, umri wa bibi."

Nikamwuliza, basi nichukue lipi?
Moja tu, la mwaka mzima.
Hakujibu. Alichora kwa chaki sakafuni
mstari mwembamba, halafu mnene.
"Kiangazi, ubavu mwembamba, linaloshika lami,
linalokusimulia kila kokoto.
Kifuku, lile tope jeusi la mbugani
linang'ang'ania gurudumu kama ugali wa moto kidoleni.
Hapo unataka ubavu mnene, kashata pana,
rimu ya chuma, inchi kumi na tano, mbaya.
Aloi ikigonga shimo inapasuka.
Chuma kinapinda, nami nakinyoosha kwa nyundo."

Yaani ninunue seti mbili?

"Wewe una viatu vingapi?"

Nilikuwa na kandambili, na buti za shambani.
Nikanyamaza.
Seti ya pili nililipa nusu fedha, nusu asali,
ndoo mbili, na akaionja kwanza.

Mvua ilikuja Novemba, usiku, bila kubisha hodi.
Alfajiri nikapiga jeki.
Nati ishirini ndani ya kofia, nikazihesabu mara tatu.
Selika ikasimama juu kidogo, miguu myeusi:
bwana harusi yuleyule, sasa kavaa gambuti.
Lakini Sikonge ilifika.
Ilifika na tope hadi madirishani,
ikalipita lori la magogo limelala ubavu,
dereva amekaa juu yake anakula muwa,
akanipungia.

Aloi zilikaa miezi sita jikoni kwa mama,
zimelazwa chali juu ya magunia.
Mei ikaingia. Barabara ikakauka, ikaanza kuita.
Nikaenda na spana yangu mkononi.
Tatu nilizitoa.
Ndani ya ya nne, katikati ya spoku,
kuku wa mama, yule wa madoadoa,
amelalia mayai tisa.
Alinitazama kwa jicho moja, akajitanua.

Nikampigia simu Kalunde.
"Zimebaki siku ngapi?"
"Mama anasema kumi na sita."
"Basi kiangazi chako kinaanza siku ya kumi na saba,"
akasema, akakata.

Zile tatu nimezirudisha.
Napita mjini na gambuti, jua la utosini,
watoto wa Cheyo wananyoosha vidole,
na mkono wa usukani unawasha kwa hamu ya lami ya Nzega.
Kila nikiamka naenda jikoni, nachuchumaa.
Leo asubuhi
yai moja limegonga kwa ndani.