Umelalaje

Funguo kumi na moja, nazijua kwa uzito hata gizani:
ya jikoni, ya stoo ya posho, ya geti la barabara ya Koboko,
na hii yenye kutu, ya bweni la wavulana,
hapa Arua, nyumba ya watoto wenye kesi.

Candia aliletwa siku ya mvua ya mawe.
Umri: kumi na tano, kwa kukadiria meno.
Kosa: betri ya sola ya kinyozi.
Uzito, kimo, jina la mwenyekiti wa kijiji,
fomu ilikuwa na nafasi ya kila kitu,
hata ya makovu.
Ya usingizi haikuwepo.

Mawe yalipopiga bati
aliingia chini ya kitanda, akakaa huko siku mbili.
Uji tulimsukumia kwa mguu, Mungu anisamehe.

Wenzake walisema ana pepo.
Msimamizi akasema anajifanya, nimewaona wengi.
Drani wa zamu ya mchana alikata fimbo ya mpera,
akaiegemeza mlangoni, akasema, ngoja.
Mimi sikusema. Mwenye funguo hana maoni,
ana zamu.

Kila Alhamisi, barabara ikipitika,
sista Ayikoru hushuka kwenye bodaboda
na mfuko wa plastiki: daftari, vidonge, karanga.
Ni yeye tu, kwa wilaya nne.
Kwa Kilugbara jina lake ni furaha,
ila si mtu wa kuchekacheka.
Alivua viatu, akaketi sakafuni,
akamenya karanga.
Nusu saa nzima, karanga tu. Nilidhani amesahau kazi.
Kisha akaliambia lile giza chini ya kitanda:
"Umelalaje?"

Salamu hiyo naitoa kila siku,
naitoa kama mtu anavyofuta miguu mlangoni.
Sikujua kwamba jibu lake huweza kungojewa.

Lilichukua Alhamisi tatu.
Lilikuja vipandevipande, nusu Kilugbara, nusu Kiarabu cha Yei:
habari ya usiku fulani,
na dada aliyemshika mkono
hadi katikati ya mto.
Sitasema zaidi. Si yangu.
Niliisikia kwa kuwa mlango ni mwembamba
na mimi ndiye mlinzi wake.

Betri, kumbe, aliitakia taa.
Taa iwake mpaka kuche, basi.
Hilo hakimu hajalisikia; kesi imeahirishwa mara ya nne,
faili halionekani.

Sasa anatoka kula na wenzake.
Kuna usiku analala juu ya godoro,
kuna usiku hapana.
Vidonge vikiisha tunangoja, na kungoja nako kuna kelele zake.
Ile fimbo ya mpera ilichomwa jikoni. Nani aliichoma, sijui.
Maharagwe yaliiva.

Juzi nilimfungulia sista geti.
Akanitazama miguu, akauliza:
"Mzee Adriko, kwani unalala na viatu?"
Nani kamwambia?
Nilikuwa na miaka saba tulipokimbilia Zaire,
usiku, peku, nyasi zimekauka kama sindano.
Mke wangu alilalamika mwaka wa kwanza,
baadaye akawa anafua shuka bila kuuliza.

Nikasema nina zamu.
"Najua," akasema, akapanda pikipiki.

Leo ni Alhamisi. Nimeingia na ufagio
nikakuta mtoto ameshafagia,
ametandika magunia matatu sakafuni:
la sista, lake,
na moja hapa karibu na mlango,
mahali ambapo mwenye funguo anaweza kuketi
na bado akasema
yuko zamu.