Kisichochimbika

Tabaka namba 418, chini ya mtaa wa Brzozowa:
urefu kilomita mbili na nukta nne,
upana mita mia tisa,
unene mita moja na sentimita tisini,
yaani kimo cha Joachim, mpimaji wetu, akivua kofia ya chuma.
Zidisha. Zidisha tena kwa uzito wa makaa yenyewe.
Tani milioni tano na nusu, na ushee.
Wakurugenzi wangependa niishie hapo.

Lakini kazi yangu ni kutoa.

Toa ukingo wa magharibi, tabaka linakokonda
kama sabuni ya mwisho wa mwezi,
mashine ikawa inakula mwamba kuliko makaa.
Toa mpasuko: keekee ya tatu ilituletea udongo wa kijivu,
ya nne ikayakuta makaa mita kumi na mbili chini zaidi,
kana kwamba ardhi ilikosea ngazi gizani.
Toa vumbi. Toa mawe yatakayobebwa bure hadi kiwanda cha kuoshea.
Toa nguzo.

Nguzo ni makaa yaliyokatazwa kuwa makaa.
Tunayaacha yasimame yabebe kanisa, shule, reli,
na jiko la mama yangu, Gertruda,
aliyebandika kipande cha kioo juu ya ufa wa ukuta.
Kikikatika, anasema, nitajua mmenisogelea.
Kila Jumapili nakitazama kabla sijavua koti.

Jana meneja Sobotta aliweka penseli juu ya ramani.
"Hapa, Otylia. Punguza mita arobaini tu.
Ni miaka miwili ya mishahara."
Hakudanganya; hesabu nimeipiga mwenyewe.
Miaka miwili: mapacha wa Joachim wamalize shule.
Mita arobaini: toka banda la kuku la mama
mpaka kitandani pake.

Iko na sehemu ya kaskazini, niliyoipaka wino mwekundu.
Ilishika moto mwaka nilipoota meno ya pili;
wakaiziba kwa matofali, watu watatu wakiwa ndani.
Fomu inauliza: tani ngapi?
Laki moja na elfu tisini.
Fomu inauliza: sababu ya kutochimbika?
Nafasi ni herufi ishirini.
Nimeandika: moto wa zamani.
Ewald lingeenea pia. Ni herufi tano.

Jioni namkuta mama bandani, ndoo mkononi,
akihesabu rundo lake kwa macho.
"Ndoo thelathini na moja. Machi itanikuta nazo?"
"Inategemea baridi."
"Na ninyi huko chini, mmebakiwa na kiasi gani?"

Nilitaka kusema: milioni mbili na laki tatu,
kosa likiwa moja ya tano, juu au chini.
Begini ramani ilikuwa imekunjwa,
mstari wa Sobotta haujafutwa, wala haujatiwa wino.
"Inategemea, mama."

Akachota ndoo moja,
akafuta alama moja ya chaki mlangoni.