Viatu vya Kuazima

Yasna huvipanga ghalani Alhamisi usiku,
jozi kumi na mbili, namba kwa rangi nyeupe kisiginoni.
Thelathini na nane alivivaa mwenyewe zamani,
akapanda Andes na malengelenge mawili,
hakumwambia mtu.

Leo vimemwangukia Dayro, wa La Pintana,
pembezoni mwa Santiago.
Kafika na soksi moja ya shule, moja ya mpira,
na nusu mkate mfukoni:
wa dada yake, asiuguse mtu.

Eliecer anawafundisha kuwasha jiko penye upepo.
Njiti ya tatu. Ya nne.
Hasemi sivyo;
anahamia tu upande unakotoka baridi.

Usiku Dayro yu macho.
“Mbona kimya hivi? Nani kafa?”
Hakuna mbwa, hakuna risasi,
mto tu huko chini, unasaga mawe.
Yasna anatoka na blanketi.
Habari za nyota hamwambii.
Wanausikiliza.

Jumapili zinarudi jozi kumi na moja.
Yasna anafungua daftari:
*Namba 38. Vimechukuliwa na mto.*
Eliecer anasoma.
Mto ule haufiki magotini.
Anatia sahihi.