Hesabu ya Nyumba

Redio imesema "huenda." Imesema ng'ambo ya mto,
mbali kidogo, kijiji ambacho jina lake
nimelisikia kwa wauza vitenge tu.
Nami nimeamka kabla ya jogoo
nikaanza kuhesabu.

Jerikeni tano. Moja inavuja, nimeiziba kwa sabuni,
sabuni ile ile tutakayoihitaji mikononi.
Mche mmoja na nusu: nimeukata kwa uzi,
vipande kumi na vinne, kila kipande wiki,
Mungu akipenda na Thembo asipochezea maji.
Chumvi ipo. Sukari nimeificha nyuma ya debe la majivu,
si ya chai, ni ya mgonjwa:
vijiko sita vidogo kwa lita ya maji, chumvi nusu kijiko,
nimeikariri kama Baba Yetu.

Ile dawa ya chupa nyeupe, yenye harufu ya hospitali,
imepanda bei mara mbili tangu jana.
Muuzaji hakunitazama usoni akipokea noti.
Sikumlaumu. Nami nilinunua mbili, za mwisho,
na nyuma yangu alisimama Mama Kabugho
na sarafu zake za mia mia.

Baluku amechimbia nguzo mbili karibu na mlango,
ameninginiza kidumu, amekifunga kamba ya kukanyagia.
Ukikanyaga, kidumu kinainama kukusalimu.
Ndiyo salamu tutakayobaki nayo.

Tumelelewa tukisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu akija, mwenyeji haponi.
Huyu habishi hodi; anakuja ndani ya jasho la shangazi,
ndani ya shuka la maiti unayempenda,
ndani ya ule wema wetu wa kumshika kichwa anayetapika.
Uchafu naujua, nitausugua.
Wema ndio ninaouogopa.

Chumba cha nyuma nimekitoa magunia ya kahawa.
Godoro moja. Ndoo yenye mfuniko. Kikombe chekundu
ambacho kikiingia humo hakitoki.
Nimewakalisha wanangu nikawaambia:
nikilala mimi humu, asinifuate mtu.
Mtaleta uji hadi kwenye lile jiwe, mtarudi nyuma,
mtapiga namba niliyoiandika ukutani kwa mkaa.
Thembo akauliza: hata ukilia?
Hata nikilia.
Hata ukiniita jina?
Hapo nikainuka kukoroga maharage
ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Kwetu majina ni hesabu. Mtoto huitwa kwa zamu aliyozaliwa,
na mpita njia akisikia mama anaita
anajua nyumba ina wangapi.
Baluku. Bwambale. Kule. Thembo.
Wa kwanza, wa pili, wa nne, wa tano.
Mhudumu wa afya alipopita na daftari,
kijana wa watu, buti kubwa kuliko miguu yake,
aliandika: wavulana wanne.
Kisha kalamu ikasita. Ni Mkonzo, anajua kuhesabu.
Hakuuliza.
Mwaka ule tulikuwa na maombi mengi
na jerikeni moja.

Jioni nimemimina nusu ya dawa kwenye chupa ya soda
nikaipeleka uani kwa Mama Kabugho,
nikaiweka juu ya kisiki, nikarudi hatua nne, nikamwita.
Alitoka. Hatukushikana.
Aliinua mikono yake miwili, mitupu, akaitikisa hewani
kama anayekung'uta maji,
nami nikaitikisa yangu,
wanawake wazima, kama vifaranga wanaojaribu kuruka.

Labda hautakuja. Labda kesho redio itarudi kwenye mpira
na wanangu watanicheka, mama na vipande vyake kumi na vinne.
Wanicheke. Wanicheke hadi wazeeke.
Kwa sasa nahesabu tena, kabla taa haijaisha chaji:
jerikeni tano.
Moja inavuja.