Kabla ya Plasta

Jumapili plasta inakuja.
Nina siku mbili, chaki nyekundu, futi ya chuma,
na nyumba isiyo na mlango hapa Maabela,
mbavu zake za tofali bado ziko nje.

Muhsin ananiuliza, ya nini yote haya?
Siku hizi intaneti inaruka yenyewe hewani.
Umesahau, namwambia, nyumba ya kupanga ya Al Khuwair?
Nilikuwa napanda juu ya mashine ya kufulia
ili nimsikie Nasra wa Cardiff akimaliza sentensi moja.
Hewa haina ahadi, Muhsin,
na kuta hizi ni inchi nane, na nondo ndani.

Basi naanzia chini ya ngazi.
Kabati likae hapa, si darini;
darini mwezi wa sita hata mjusi anahama.
Kutoka hapa kila chumba kipate waya wake,
mzima, usiokatwa, usioungwa njiani.

Ami Zahor, aliyekulia kando ya falaji kule Izki,
alinishauri waya mmoja upite chumba hadi chumba
kama maji yapitavyo shamba hadi shamba.
Ami, nikamwambia, kwenye falaji wa juu hunywa kwanza,
wa chini hutazama nyota akingoja zamu.
Alicheka mpaka akakohoa.
Shamba la babake lilikuwa la chini.

Nne majlisi. Mbili kila chumba cha kulala.
Moja zaidi kwa mama mkwe, picha zitoke kwenye dishi la paani
zimshukie kitandani,
maana hagusi chakula cha usiku
kabla ya taarifa ya habari ya Unguja.
Umeme na data wasilale bomba moja.
Wakipishana, wapishane kwa pembe mraba,
upesi, macho chini,
kama mashemeji koridoni.

Kamera langoni, sawa. Gereji, sawa.
Jikoni Muhsin alichora kiduara kwa penseli;
nimekifuta kwa kidole na mate.
Chumba cha Tigist nimekipa waya kama vingine.
Wa nini?
Ana mama Gondar, nikasema.
Hakuuliza tena.

Shafiqul anagongea bomba la mwisho,
linalotoka kabatini na kuishia chumba cha juu
ambacho bado hatujakipa jina.
Madamu, hili halina kitu.
Lina uzi. Nimeupiga fundo huku na huku.
Kitakachopita humo sikijui,
labda waya wa mwanga, labda kitu
ambacho atakayekibuni hajang'oa meno ya utoto.
Siku hiyo mtu atashika uzi, atavuta,
hatabomoa.
Shafiqul anatikisa kichwa, anaongeza saruji.

Sasa napiga picha kila ukuta, futi imeegemezwa kando,
kwani kuanzia Jumapili, ukiuuliza ukuta,
utakujibu: mimi mweupe tu, sijui lolote.
Picha ya kumi na moja imeharibika,
kimeingia kidole gumba cha mguu wa mama mkwe.
Alikuwa amekuja kuuliza kama mabomba haya ni ya maji.
Nikamwambia, kwa namna fulani, ndiyo.

Akayatazama, moja moja, mpaka juu.
Basi angalieni, akasema, yasivuje.