Mzingo

Bi Prosser anashika ncha ya utepe
ananiambia: zunguka.
Nazunguka. Matope ya Februari yanang'ang'ania buti,
kondoo wa Kinnerwell wamesimama wanatukodolea
kama wapangaji waliosikia mlango wa jirani ukigongwa.

Mita moja na nusu kutoka chini, anasisitiza,
na penye mteremko anza kupima upande wa juu.
Utepe usipite kwenye nundu:
nundu ni uongo, huunenepesha umri.
Anaunyanyua mtambaa kwa bakora, kwa adabu,
kama mtu anayefunua shuka la mgonjwa,
nami napita chini yake nimeukumbatia mwaloni,
shavu juu ya kuvumwani, puani siki na mvua.
Mita saba, sentimita sitini na mbili.
Andika, anasema.
Naandika.

Basi una umri gani?

Hapo ndipo huyu mama wa miaka themanini na moja,
anayeijua siku yake, saa yake,
hata uzani aliozaliwa nao, kwa ratili,
anapoanza kusita.
Inategemea, anasema. Humwita mti "yeye".
Kama alikulia peke yake malishoni
akila jua bila mshindani, alinenepa upesi.
Kama alibanwa na wenzake, alirefuka kwanza,
unene ukangoja.
Kuna miaka ya ukame. Kuna mwaka wa viwavi.
Kuna aliyemkata matawi kwa kuni
akamrudisha nyuma, nani ajuaye, muongo mzima.

Hatuwezi kutoboa tukahesabu pete?
Ananielekeza kwenye ufa, mpana wa kumpitisha mwanakondoo.
Naingiza kichwa.
Manyoya ya bundi. Unga mwekundu wa mbao.
Kipande cha sahani ya buluu, sijui cha nani.
Miaka ya mwanzo ndiyo iliyooza mwanzo.
Mti umeupoteza utoto wake wote
na huko juu una macho ya majani, tayari.

Mimi nilipimiwa Croydon
katika chumba kisicho na dirisha.
Bwana mmoja aliyatazama mabega yangu,
vinywele vitatu vya kidevuni,
akauliza maswali yale yale kwa mpango mwingine
mpaka nikajibu tofauti.
Mkalimani alikuwa na Kiswahili cha redioni,
mimi na hiki chetu cha Kismayu;
baina yetu sentensi ilianguka
na hakuna aliyeinama kuiokota.
Mama alinihesabia hivi:
ulizaliwa mwaka ukuta wa kisima ulipoporomoka,
kakako Shebwana hajang'oa jino hata moja.
Fomu haikuwa na nafasi ya kisima.
Wakaandika Januari mosi.
Wakaandika: mtu mzima.
Kwa wino. Bila "huenda", bila "hivi",
na usiku ule nikalala chumba kimoja
na wanaume waliokuwa wakinyoa kila asubuhi.

Bi Prosser analamba ncha ya penseli.
Penseli! Anaigawa sentimita mara mbili,
anakunja uso, anafuta, anapuliza vumbi la ufutio.
Mia nne na themanini, anasema,
ongeza sitini au toa sitini.
Na mtu akiniletea hoja nzuri, nitabadili.

Nikasimama na ncha yangu ya utepe.
Sitini. Umri wa mtu mzima na wajukuu wake
ameuacha wazi pande zote mbili za mti,
na mti haukupungukiwa na kitu.

Chini ya karatasi pana mistari ya wapimaji:
jina, na pembeni, umri.
Ameshajaza wake. Ananipa ubao na penseli,
kisha anageuka kuusokota utepe,
anausokota taratibu kuliko ilivyolazimu.

Nikaandika: thelathini hivi.

Kondoo mmoja akakohoa, kama mtu.
Bado minne kabla ya chai, akasema,
na ule wa kanisani una nyuki.